Mpe Sukari

Siku tuliyokwenda kumwomba mke wangu arudi nyumbani, mama aliamka kabla yangu akazifunga nguo zake zote kwenye begi moja. Mimi sikumfukuza. Dada wa mke wangu ndiye aliyetuma ujumbe, na ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: yule mzee akiondoka, mdogo wangu atarudi, yule mzee akibaki, msijisumbue kuja. Mama aliusoma mara mbili kwenye simu yangu, akanirudishia simu, akasema kwa kaka yangu kuna chumba cha ziada na wajukuu wa kule hawamjui hata sura.

Nilimkuta jikoni amesimama, ameshavaa, kitambaa cha kichwa amekifunga vizuri kama mtu anayekwenda msibani.

"Nisikilize, baba," aliniambia. Mama huniita baba akitaka neno lake lisipingwe. "Leo tukifika kule, nitaomba msamaha mimi. Wewe kaa karibu na mkeo. Mengine usiyafungue."

"Mama, wewe hukukosea."

"Nilimchoma mimi. Mkono ni huu hapa." Akaunyoosha mbele yangu, mkono wenye mishipa iliyosimama, halafu akaushusha. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Nitaitwa muuaji mwaka mmoja, miwili, kisha nitakufa na maneno yatakwisha. Wewe una maisha mbele yako. Mke haokotwi."

Nilichukua begi lake nikatangulia nalo nje. Mwanamume wa miaka arobaini na miwili, na nilikuwa najificha nyuma ya gauni la mama yangu. Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kunionea huruma.

Mimi ni dobi. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, mashine kumi na moja, kelele ambayo ukitoka jioni masikio bado yanavuma. Mke wangu ni fundi saa. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake pamoja na kibanda chenyewe, meza yenye droo ndogo ndogo, na lenzi anayoibana jichoni. Tulionana kwa ajili ya saa ya mteja niliyoisahau mfukoni mwa suruali ikaingia kwenye mashine. Niliipeleka kwake. Aliifungua, akachungulia, akaniambia saa imekufa, lakini imekufa ikiwa safi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Toka siku hiyo mimi nikawa Dobi na yeye akawa Fundi, na hatujawahi kuitana vingine.

Alikuwa mnene. Marafiki zangu walinitania kwamba nitalaliwa nife usingizini, nikawaambia hicho ndicho kifo ninachokitaka. Safari ya pili tulipokutana aliniambia ana sukari, ameianza akiwa na miaka ishirini na sita, na kwamba mficha uchi hazai, kwa hiyo kama nataka kukimbia nikimbie mapema. Nikamwambia dobi hakimbii doa.

Tulipooana daktari alikuwa amekwisha mwandikia sindano mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Fundi hakuogopa kufungua saa ndogo kuliko kucha, lakini tumbo lake mwenyewe alikuwa hawezi kulichoma bila kulia. Nikaichukua kazi hiyo. Miaka tisa niliifanya mimi. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, nakunja ngozi kwa vidole viwili, nasukuma, nahesabu mpaka kumi. Na kabla sijaanza nilikuwa namwambia, "Njoo nikupe sukari." Naye anajibu, "Usininyime." Ulikuwa mzaha wetu, kwa sababu sindano ilikuwa ya kuipiga vita hiyo hiyo sukari, lakini mzaha ukizoeleka huwa lugha. Mama alipohamia kwetu baada ya kumzika baba, naye aliishika. Nikichelewa kurudi kazini alikuwa ananiuliza kwa sauti toka jikoni kama nimeshampa mwenzangu sukari. Nikisafiri, alimpa yeye. Mimi ndiye niliyemfundisha kukunja ngozi na kuhesabu kumi. Ile sukari ya dukani haikuingia nyumbani kwetu. Mama mwenyewe aliacha kuitia kwenye chai yake, akasema hawezi kujilamba vidole mbele ya mkwe wake mgonjwa.

Basi ugonjwa ukazidi. Kidonda cha mguu kikakaa miezi mitano bila kufunga. Macho ya Fundi yakaanza kuona ukungu, na fundi saa asiyeona ni nani? Daktari akasema dawa zimefika mwisho wa uwezo wake, kilichobaki ni upasuaji wa kupunguza tumbo. Mama hakutaka. Dada yake Fundi, ambaye ni mkunga na amezoea kuamrisha watu wenye uchungu, alitaka hata jana. Mimi nilitia sahihi.

Ajabu ni kwamba sukari ilishuka hata kabla ya uzito. Alikuwa bado mnene vile vile, anakunywa supu kwa kijiko, na kipimo cha asubuhi kilikuwa kama cha mtu mzima wa afya. Mwezi wa pili daktari akamwambia aache sindano. Alimwonya vizuri, na mimi nilikuwepo: sukari haijafa, imelala, inaweza kuamka. Na jambo jingine, tumbo lililokatwa halipendi vitu vitamu. Akila au akinywa kitu kitamu, baada ya saa moja au mbili sukari ya mwilini inaweza kuporomoka, atokwe na jasho, atetemeke, aongee ovyo. Hapo apewe kitu kitamu kidogo, haraka. Nilinunua pakiti ya glukosi nikaiweka kwenye droo ya kitanda. Nilimwonyesha mke wangu. Mama sikumwonyesha.

Siku ile ya kuacha sindano, Fundi alicheza mwenyewe kwenye korido. Nilimpigia makofi. Jioni saa moja nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda kwa mazoea, nikakuta sina la kufanya na mikono yangu.

Aliniomba nizirudishe kliniki sindano zilizobaki kwenye friji, zile zinazokuja zimejazwa dawa tayari. Zilikuwa tatu. Nilirudisha mbili.

Miezi ikapita. Kutoka kilo mia na ishirini na nane akafika themanini. Nywele zilipungua, ngozi ya tumbo ilining'inia, akawa anavua nguo gizani na mimi nikijifanya nimelala. Majirani walinong'ona kwamba ana ugonjwa mwingine. Lakini kidonda kilifunga. Macho yalirudi. Alikuwa anakwenda kibandani kwa miguu, anarudi anaimba, na wateja wanaume ambao zamani walimwambia "shikamoo, Mama" sasa walikuwa wanaleta saa zisizoharibika. Niliona. Nilimeza.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Mama alikuwa anaona mkwe wake anakonda mbele ya macho yake, moyo ukamuuma, akamnunulia boksi la juisi akambembeleza mpaka akamaliza bilauri mbili. Saa nne hivi alinipigia simu. Mashine zote kumi na moja zilikuwa zinazunguka. Akasema mwenzangu anatetemeka, jasho linamtiririka, anamwita kwa jina la marehemu mama yake.

Nilijua palepale ni nini. Nikapiga kelele kwenye simu: "Mpe sukari. Mpe sukari haraka, nakuja."

"Nimpe?"

"Mpe, mama, mpe."

Nikakata. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa sakafuni, macho yamegeuka juu, na mama amemwekea kichwa mapajani. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu kwamba amempa, kipimo kile kile cha zamani, ameitafuta friji nzima mpaka akaipata nyuma ya chupa ya siki.

Siku tatu hakuamka. Alipoamka, mkono wa kulia ulikuwa unatikisika hauwezi kushika kijiko, na maneno mengine yalikuwa yanamkimbia. Dada yake alisimama katikati ya wodi akauliza ni nani aliyemchoma. Mama akasema ni yeye. Akauliza ni nani aliyemtuma. Mama akanitazama, akatazama sakafu, akasema hakutumwa na mtu. Nami nilikuwa pale, hatua mbili, nimeshika soksi za mke wangu, nikanyamaza.

Ndivyo tulivyofika sebuleni kwa dada mtu, aliyemchukua Fundi moja kwa moja toka wodini, wiki tatu baadaye.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, amevaa gauni la zamani lililomzidi mara mbili, mkono wa kulia ameubana katikati ya magoti ili usionekane. Nilipoingia alinitazama. Nilikuwa sijatazamwa hivyo muda mrefu. Lilikuwa jicho la mtu aliyekukosa kitandani, na lilinipa tumaini ambalo sikustahili. Nikakaa karibu naye kama mama alivyoniagiza. Alikuwa ananukia sabuni ile ile.

"Umekonda, Dobi," alisema polepole. Siku hizi kila kitu alikisema polepole.

"Tumepokezana."

Akatabasamu upande mmoja. Nikajisemea, akirudi leo, nitamtunza mpaka kaburini.

Mama aliomba msamaha wake akiwa amekaa chini sakafuni, ingawa viti vilikuwepo. Dada mtu hakumwambia ainuke. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, halafu akasema yeye amezalisha wanawake miaka kumi na tisa, na anajua tofauti ya kosa na nia. Akasema mkwe akinenepa hatakiwi, akipungua hatakiwi, na wakwe wengine huwa hawaridhiki mpaka wasikie kilio.

"Swali langu ni moja tu," akamalizia. "Mdogo wangu aliachishwa sindano miezi saba kabla. Hiyo ilitoka wapi?"

"Niliihifadhi mimi," mama akasema.

"Kwa nini?"

"Ujinga wa uzee, mwanangu."

Alisema "mwanangu" kwa mwanamke aliyekuwa anamwita muuaji. Nilimwangalia mama yangu pale chini, visigino vyake vilivyopasuka vikichungulia nje ya gauni, akidanganya kwa mara ya pili kwa ajili yangu, na safari hii bila hata kunitazama. Ningenyamaza dakika mbili zaidi, mke wangu angekuwa wangu. Ninakuapia nilitaka kunyamaza.

"Mama haijui habari ya hiyo sindano," nikasema. "Niliificha mimi."

Mama akanishika kifundo cha mguu, akakifinya kwa nguvu. Sikuacha.

"Na ni mimi niliyemwambia ampe. Alinipigia simu kazini. Nilimwambia, mpe sukari."

Dada mtu alikunja uso. Akasema basi kama uliambiwa umpe sukari, mzee, iweje ukachukua sindano, wewe hujui sukari ni ipi. Lakini Fundi alikuwa amekwisha elewa. Niliona likimwingia. Alifumba macho, bega likaanza kutikisika, na kwa muda sikujua analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili.

"Dada," alisema, "kwetu sukari ni sindano."

"Ni nini?"

"Ndivyo tulivyoiita. Mimi na yeye. Mama alitusikia sisi." Akapangusa uso kwa mkono wa kushoto. "Masikini mama. Uliambiwa unipe, ukanipa."

Hapo mama alilia. Tangu ile Alhamisi nilikuwa sijaona chozi lake, na sasa yalikuja yote pamoja, kwa sauti, mpaka dada mtu mwenyewe akainama akamwinua akamkalisha kitini. Nikadhani tumepona. Neno lilikuwa letu sote watatu, na nani atamhukumu mtu kwa mzaha wa chumbani? Nikaunyoosha mkono nikamshika Fundi ule wa kushoto. Aliniachia nikaushika.

"Neno silikatai," alisema. "Hata mimi ningeweza kulisema. Lakini ile sindano, Dobi. Nilikupa zote tatu."

"Ndiyo."

"Ilikuwa inangoja nini kwenye friji?"

Dada mtu, ambaye sasa sauti ilikuwa imempungua, ndiye aliyenifungulia mlango wa kutokea. Alisema pengine ilikuwa tahadhari, wagonjwa wengi huweka akiba, daktari mwenyewe alisema inaweza kurudi. Lilikuwa jibu zuri. Nilikuwa nalo mwenyewe miezi saba, nikilitumia kila nilipofungua friji.

Fundi hakumwangalia dada yake. Alikuwa ananiangalia mimi, kichwa ameinamisha kidogo, vile anavyoinamisha akifungua saa ya mtu.

"Niambie wewe," alisema.

"Ilikuwa inangoja irudi."

"Irudi nini?"

"Sukari. Ugonjwa." "Ulipokuwa mgonjwa nilikuwa na kazi kwako. Ulipoacha sindano sikujua nikushike wapi. Ukawa unatembea peke yako, unacheka na watu, kila siku mzuri zaidi ya jana, na mimi nanuka sabuni ya mashuka. Niliogopa utaondoka. Nikasema iwepo moja. Sikuku... sikukuombea mabaya, Fundi. Lakini kila ukipima asubuhi nilikuwa naangalia kama namba imepanda."

"Nilikuwa nakuletea kile kipimo kitandani nikuonyeshe."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unacheka."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unacheka nini?"

Aliutoa mkono wake taratibu mkononi mwangu, akaulaza juu ya ule mwingine unaotikisika, akaubana.

"Nilikatwa tumbo ili nizeeke na wewe," alisema. "Nilikuwa naogopa kufa pale mezani, nikasema acha, Dobi atapata mke mzima. Nimekaa miezi tisa nikila vijiko vinne, natapika, nywele zinabaki kwenye kitana, nasema acha, Dobi atapata mke mzima." Alitafuta neno, likamkimbia, akalingoja mpaka likarudi. "Kumbe hukumtaka."

"Namtaka, Fundi. Ndiye ninayemtaka."

"Unamtaka huyu." Akaunyanyua mkono wa kulia, ukatikisika mbele ya macho yangu. "Huyu asiyeweza kufunga kifungo. Huyu sasa atakuhitaji."

Nilitamani anipige. Dada mtu angenitukana ningeshukuru. Niliwaza kusema kwamba si kweli, lakini njiani wakati tunakuja nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyomlisha, nitakavyomvalisha, saa ngapi nitoke kazini. Nilikuwa nimeipanga siku nzima mpaka usiku, na nilikuwa na furaha.

Dada mtu alitazama saa ya ukutani, akasema kwa sauti ya chini kwamba mazoezi ya mkono hospitalini ni saa tano, wakichelewa watapoteza zamu. Fundi akasimama. Viatu vyake vilikuwa karibu na mlango, vile vya kamba, na nilifika kabla yake. Nilipiga goti. Nilimwambia nitampeleka mimi, nitamngoja, nitamrudisha hapa hapa, sitamsumbua kwa neno.

Aliurudisha mguu wake nyuma.

"Mama," alisema. "Naomba unifungie viatu."

Mama alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. Aliinuka kitini akaja, nikampisha. Alipiga goti palepale nilipokuwa nimepiga mimi, akafunga kamba moja, akafunga ya pili, vidole vyake vizee vikihangaika, na Fundi akawa amemwekea mkono begani ili asianguke. Dada mtu alifungua mdomo kusema kitu kuhusu mzee huyu kwenda hospitalini na mdogo wake.

"Dada, mama atakaa hapa na mimi," Fundi alisema. "Yeye alikuwa ananitafutia dawa."

Nikamuuliza mimi nifanye nini. Nilimuuliza kama mtoto, mbele za watu, sikuona aibu.

"Nenda nyumbani, Dobi."

Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitampata. Nilibaki nimesimama kwenye zulia la watu. Walitoka wote watatu, dada mtu ametangulia na funguo. Walishuka ngazi polepole, mke wangu ameshika bega la mama yangu, na mama hakugeuka nyuma.